Rangi ya Baiskeli, Gome la Mtuba

Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wachoraji, jioni ya kufungua maonyesho yao hapa Dar es Salaam. Nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka, na pale nilipojisahau nikiwa mbele ya watu nimejaziliza kidogo.

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazazi mliofika, na nyinyi vijana wenye shughuli yenu: hamjambo.

Kabla sijaitwa hapa mbele nimezunguka ukumbi mara mbili. Kuna mmoja kachora kwa kahawa. Mwingine kachoma picha kwenye ubao kwa pasi ya mafundi redio. Na kuna binti pale pembeni, karibu na feni, kabandika maganda ya vitunguu mpaka yakawa uso wa bibi kizee. Hapo nimesimama muda mrefu kuliko nilivyokusudia, nitarudi kwake. Mwaliko wenu unaniomba niseme juu ya wasanii wenye mbinu zisizo za kawaida. Nikampigia aliyenialika, nikamuuliza: zisizo za kawaida kwa nani? Akacheka, akakata simu. Basi mzigo huo mmeniachia mimi.

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu ni mabango. Vinyozi, mabucha, mamalishe, shule za chekechea. Sikusomea. Kwa hiyo nitaongea kama mtu wa kopo na brashi, na walimu mtanivumilia.

Nianze na wa kwetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932, kule Tunduru. Akatoka kwao kutafuta kazi kama walivyotoka vijana wengi wa kusini, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akaingia mji huu, akafanya kazi ya bustani kwenye nyumba ya Mwingereza. Kuchora alianza mwishoni mwa miaka ya sitini, wengi husema 1968. Picha zake ziliuzwa pale Oyster Bay, nje ya Morogoro Stores, zimeegemezwa tu. Mwaka 1972 akapigwa risasi usiku na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Fanyeni hesabu: miaka minne hivi. Wengine wetu kwa miaka minne hatujamaliza deni la fremu. Na jina lake limeenea mpaka watoto wakisikia tingatinga hawajui waite picha au waite mashine ya kuchonga barabara.

Alichorea rangi ya kopo, ile inayong'aa, ya kupakia baiskeli, milango na mageti. Akachora juu ya bodi za kujengea, zile ngumu za kahawia. Kila anayemzungumzia hulitaja hilo, rangi ya baiskeli, rangi ya baiskeli, kisha anakimbilia kwa twiga na chui. Mimi naomba leo tusikimbie. Tubaki kwenye kopo.

Rangi za tyubu, za wachoraji, zilitoka ng'ambo na bei yake haikuwa ya mtunza bustani. Rangi ya kopo ipo dukani mtaani. Lakini ukishainunua, ina tabia zake, na haitaki kufundishwa na wewe. Kwanza, hujilaza yenyewe. Ukipitisha brashi, mikwaruzo unaiona kwa muda mfupi, halafu rangi inatambaa, inaifunika, uso unakuwa kama kioo. Kwa hiyo yale manyoya ya simba ambayo mwenye rangi ya tyubu anayapata kwa mkwaruzo wa brashi, wewe huyapati. Pili, huwahi kushika utando kwa juu. Ukirudi kuichokoa baadaye, umeichafua. Huwezi kukaa taratibu ukipeleka kivuli kwenye mwanga juu ya shavu la mtu. Unapaka rangi moja, bapa, unaacha. Kesho unaweka nyingine juu.

Sasa mtazameni mnyama wa Tingatinga. Amekaa bapa, nyuma yake rangi moja tupu, ukingo wake umekatwa safi, mwilini ana madoa. Na madoa yale, nani ameyachora? Unachovya kitako cha brashi, unagusa ubao, unainua. Rangi inajikusanya yenyewe kuwa duara. Kazi yako ni mkono usiotetemeka na pumzi uliyoibana. Watu wa vitabu wameandika kwamba mtindo huo ni wa kitoto, wengine wameutafutia asili kwenye michoro ya kuta za nyumba za kusini, na sina ugomvi nao. Mimi nikiutazama naona kopo. Tabia ya rangi imekuwa tabia ya picha.

Hata umbo. Michoro yake mingi ni mraba, kama sentimita 60 kila upande. Bodi zile huuzwa futi nne kwa nane. Zikate futi mbili kwa mbili: vipande 8, hakuna hata kijisehemu cha kutupa. Mtu ambaye hajawahi kununua bodi kwa fedha yake atakaa aandike kurasa tatu juu ya maana ya mraba.

Nitawasimulia aibu yangu kuhusu rangi hii, maana ndiyo iliyonifundisha. Nikiwa kijana, kinyozi mmoja alinipa kazi ya bango: kijana mtanashati, kanyolewa, anatabasamu. Nikaambiwa kesho saa mbili asubuhi liwe ukutani. Nikapaka uso jioni. Saa nne usiku nikaugusa kwa kidole, haukunata, nikajidanganya umekauka, nikapiga mkono wa pili. Nikalala. Asubuhi nikakuta babu. Rangi ya juu ilikuwa imeiamsha ya chini, zikavimba pamoja, zikajikunja kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka. Yule kijana wangu mtanashati alikuwa na makunyanzi kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Kinyozi akalitazama bango, akanitazama mimi, akasema, "Fundi, mimi nanyoa, sizeeshi." Sikulipwa, na rangi ilikuwa ya mkopo.

Lile bodi nikalitupa uvunguni. Miezi kadhaa baadaye nikapata kazi ya kuchora tembo kwenye ukuta wa banda la mafundi, na ngozi ya tembo ikawa inanishinda, kila nikipaka inang'aa kama gari jipya. Nikakumbuka uvungu. Nikapaka kijivu, nikasubiri muda uleule wa ujinga wangu, nikapaka tena. Tangu siku ile tembo wangu wanajulikana. Wapo walioniuliza nimetumia dawa gani, nikawaambia ni siri ya ukoo. Leo nimeitoa.

Haya, tuendelee. Tingatinga alipokufa, ndugu na marafiki waliokuwa wakichora naye hawakuacha. Mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika, na wapo mpaka leo Oyster Bay. Ila wengi wao walihama bodi. Sababu haikuwa ya kisanaa hata kidogo: mgeni anapanda ndege, bodi ni nzito na haikunjiki. Wakahamia kitambaa cha pamba, kinachoviringika kikaingia kwenye sanduku. Picha zikakua, wanyama wakaongezeka, ubao wa mnyama mmoja ukawa kitambaa cha mbuga nzima. Ninyi mnaweza kulaumu soko. Mimi nililaumu zamani, sasa nimezoea, na kuna wachoraji pale ambao mkono wao kwenye kitambaa naukubali kabisa.

Kitambaa chenyewe ndicho kinachonipeleka Uganda, kwa njia ya mzunguko kidogo.

Wazee wetu wa pwani walikiita kitambaa cha pamba nyeupe amerikani, au merikani, kwa sababu kililetwa Zanzibar na meli za Wamarekani karne ya 19. Misafara ikakichukua ikaenda nacho bara, mpaka Buganda. Na kilipofika Buganda kilikuta watu wana kitambaa chao ambacho hakifumwi: lubugo. Ni gome la mti wa mtuba, jamii moja na mikuyu. Lubugo likaanza kurudi nyuma. Wakubwa wakavaa pamba, gome likabaki la kutawazia wafalme, la matambiko, na la kuzikia.

Nawaeleza linavyotengenezwa, maana ni jambo zuri. Wakati wa mvua, gome likiwa na maji, fundi anakata duara juu ya shina, duara chini, anapasua kwa urefu, analibandua kama mtu anavyomvua mtoto shati. Mti unabaki uchi. Anaufunga majani ya migomba, kama kidonda, ili uote gome jingine, na msimu mwingine uvunwe tena. Gome analipeleka bandani. Banda halina kuta lakini lina paa, kwa sababu jua likilipiga mapema linakakamaa. Halafu anapiga. Nyundo za mti, zenye mifereji ya ukubwa tofauti, kuanzia ya mifereji mipana mpaka myembamba, na kila pigo linalitanua. Kipande chembamba kinatanuka mara kadhaa ya upana wake. Mwisho analianika, nalo linageuka rangi ya udongo wa chungu. Kwa Baganda kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngonge. UNESCO ililitangaza lubugo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, na likaingizwa kwenye orodha yake mwaka 2008.

Sasa Michael Armitage. Amezaliwa Nairobi mwaka 1984, amesoma uchoraji London, leo ni miongoni mwa wachoraji wenye jina kubwa duniani wanaotoka upande wetu, na mwaka 2020 alianzisha taasisi ya sanaa pale Nairobi. Lubugo alikutana nalo kwenye soko la vinyago Nairobi, limekatwa vipande vya kuwekea sahani na vikombe. Vya watalii. Kitambaa cha kumtawazia kabaka, juu yake kikombe cha kahawa.

Akalichukua, akaliwamba kwenye fremu mahali pa turubai, kile kitambaa cha kuchorea. Na lubugo halina adabu ya turubai. Lina matundu, pale tawi lilipokuwa. Lina mishono, pale fundi alipotia kiraka. Lina sehemu nene na sehemu unaona mwanga upande wa pili. Angeweza kutafuta vipande visivyo na kasoro, au kuziba. Ameyaacha. Kwenye picha zake unaweza kumwona mtu amesimama na mshono unampita kifuani kama kovu, au tundu liko katikati ya anga na anga inalizunguka. Picha inabidi ijipange na tundu. Tundu lilikuwepo kabla yake.

Kuna wanaouliza kama ni haki kuchora juu ya sanda. Ni swali zuri na sitalifuta kwa mkono. Nikifikiria kwamba ningekufa Buganda ya zamani ningefungwa humo, nasita kidogo. Halafu nakumbuka vile vipande vya kuwekea vikombe, nako nasita zaidi. Na hapo ndipo ninapouona ule mzunguko niliowaambia: amerikani ililiondoa lubugo mwilini mwa watu, hapa Oyster Bay wachoraji wetu wamehamia pamba kwa ajili ya mgeni, kule Nairobi mchoraji aliyefundishwa turubai London ameirudisha pamba dukani na kuchukua gome. Sisemi nani kapatia. Nasema kila mmoja alipobadili kitu cha chini, picha ya juu ilibadilika.

Wengine nitawapita kwa haraka, muda unakwenda na naona mwenyekiti anaangalia saa.

El Anatsui, mzaliwa wa Ghana mwaka 1944, alifundisha miaka mingi chuo kikuu cha Nsukka, Nigeria. Alikuwa akichonga mbao na kufinyanga. Mwishoni mwa miaka ya tisini akaokota mfuko wa vizibo vya chupa za pombe kali, vile vya bati laini. Akakaa navyo muda. Kisha yeye na wasaidizi wake wakaanza kuvibonda, kuvikunja, kuvitoboa na kuviunga kwa nyuzi za waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, mpaka vikawa kama shuka kubwa la dhahabu na wekundu linalofunika ukuta mzima. Mwaka 2007 alifunika uso wa jumba la kale kule Venice, mwaka 2015 maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice hiyohiyo yakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi yake ya maisha. Mnajua kinachonivutia kwake? Hatoi maelekezo ya namna ya kutundika. Kazi inakunjwa, inasafiri kwenye kasha, na kule inakofika wenyeji wanaamua mikunjo iende wapi. Na vizibo vyenyewe havikutoka hewani: pombe ilikuwa bidhaa ya Wazungu pwani ile ya Afrika Magharibi, ikiuzwa na kubadilishwa, hata kwa watu. Kizibo kinalijua hilo hata kama mtazamaji halijui.

Bodys Isek Kingelez wa Kongo alijenga miji kwa maboksi. Katoni, karatasi za rangi, pakiti, makopo, gundi na wembe. Majumba ya ghorofa, viwanja vya michezo, mji mzima wa kijiji alichozaliwa kama alivyoona ungestahili kuwa. Alipopeleka kazi yake ya mwanzo kwenye makumbusho ya taifa Kinshasa, hawakuamini. Wakamtilia shaka kwamba kaiba, ikabidi atengeneze nyingine mbele yao. Akatengeneza. Baadaye wakampa kazi hapohapo, ya kukarabati vitu vya zamani. Alifariki mwaka 2015, na miaka mitatu baadaye jumba la sanaa la MoMA kule New York likamfanyia maonyesho makubwa. Miji ya karatasi ya mtu aliyeambiwa ni mwizi.

Na Cyrus Kabiru, Nairobi, anayetengeneza miwani kwa waya, vijiko, vizibo na mabaki ya vyuma. Utotoni alikulia jirani na jalala, na alitamani miwani. Baba yake, aliyewahi kuadhibiwa vikali utotoni kwa kuvunja ya kwake, akamwambia atengeneze mwenyewe. Akatengeneza. Hajaacha mpaka leo.

Sasa nirudi kwa aliyenikatia simu. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeamka asubuhi akasema leo nitafute kitu cha ajabu. Tingatinga alinunua rangi iliyokuwepo. Kabiru aliokota kilichokuwa mlangoni. Anatsui, pamoja na elimu yake yote, alikaa na mfuko mmoja wa vizibo mpaka ukamzoea. Nawaambia hili kwa sababu na mimi nina simu, na naziona hizo video. Mtu anachora kwa mpira wa kikapu uliochovywa rangi, mwingine kwa matairi, mwingine amening'inia miguu juu. Nacheka, napenda, natuma kwa wenzangu. Lakini ukiitoa ile video, ukabaki na picha peke yake ukutani, mara nyingi ni uso wa mwanamuziki maarufu, uleule, kwa kitu tofauti. Kitu kimebadilika, picha haijui. Hapo ndipo mimi na nyinyi tunaweza kugombana, na niko tayari, chai ipo.

Yule binti wa maganda, nilimwendea nikamuuliza kwa nini vitunguu. Sikutegemea hadithi. Akasema nyumbani kwao wanauza vitunguu, maganda hayana gharama. Sawa. Nikamuuliza mbona mashavu ya bibi yamekunjika vizuri hivi na shingoni yamepasuka. Hapo akachangamka. Akaniambia maganda ya juu ya gunia ni makavu, ukiyakunja yanapasuka, kwa hiyo ameyaweka shingoni, kwenye mishipa. Ya chini ya gunia yamelowa jasho la vitunguu vyenyewe, ni laini, yanafuata kidole, hayo ndiyo mashavu. Na yale ya vitunguu vyeupe ameyaweka machoni, yakiwa mawili mawili, kwa sababu moja peke yake halishiki gundi. Mwanangu, umekaa na gunia. Mimi sina la kukuongezea, ila uiondoe kazi hiyo karibu na feni. Shavu la kushoto limeanza kunyanyuka.

Waandaaji waliniomba nioneshe kidogo kwa mikono. Nimeleta bodi nne, futi mbili kwa mbili, makopo matatu na tina ya kuzimulia rangi. Mbili nilizipaka saa kumi na moja, bado mbichi, msiziguse hata kama zinaonekana zimekauka. Mbili ni zenu. Anayetaka doa la chui aje na pumzi zake, anayetaka ngozi ya tembo itabidi asubiri mpaka saa nne usiku, na mlinzi ameshasema anafunga saa tatu. Kaka wa mlangoni, fungua na dirisha hilo la pili, tina inanuka.